Chambo cha kuchonga kilivyomtoa Lauri Rapala kwenye umaskini

MVUVI yeyote wa migonzo katika Ziwa Victoria anafahamu kwamba kabla hujamvua sangara, huna budi kumvua au kumnunua samaki mdogo wa kumtia kwenye ndoana. Ndoana zikiwa mia tatu, wanatakiwa samaki wadogo mia tatu, tena ikiwezekana wawe hai. Ukiwavua mwenyewe, umetumia saa ambazo zingekuletea sangara. Ukiwanunua, fedha zimetoka mfukoni kabla senti moja haijaingia.

Gharama hiyo ya chambo ndiyo iliyokuwa ikimsumbua mvuvi mmoja wa nchi ya Ufini, kaskazini mwa Ulaya, katika miaka ya 1930. Alikuwa mtu wa kipato cha chini, mwenye mke na watoto, asiye na mtaji zaidi ya mtumbwi wake na nguvu za mikono. Jina lake ni Lauri Rapala, na leo jina hilo limeandikwa kwenye paketi za chambo bandia katika maduka ya vifaa vya uvuvi karibu kila pembe ya dunia. Hata wageni wanaokuja kuvua sangara kwa mchezo katika Ziwa Victoria au Ziwa Turkana huwa nazo kwenye visanduku vyao.

Jina la kubahatisha

Lauri alizaliwa Novemba 27, 1905 huko Sysmä, wakati Ufini ikiwa bado chini ya himaya ya Urusi. Jina la ukoo wa mama yake lilikuwa Saarinen, na mtoto alikua bila baba. Alipokuwa na umri wa miaka kama saba hivi, mama na mwana walihamia parokia jirani ya Asikkala. Inasimuliwa kwamba mchungaji aliyekuwa akiandikisha wahamiaji hakulikumbuka jina lao la ukoo, akaandika jina la kijiji walikotoka. Kijiji hicho kiliitwa Rapala. Kwa hiyo chapa ambayo leo ina thamani ya mamilioni ilianza kama kosa la karani kwenye daftari la kanisa.

Utoto wake ulipita katika kipindi kigumu. Ufini ilijitangazia uhuru mwaka 1917, na mwaka uliofuata ikatumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mtoto wa mwanamke maskini hakuwa na nafasi ya kusoma sana. Alifanya kazi alizozipata: kibarua mashambani majira ya kiangazi, kukata magogo msituni majira ya baridi, na uvuvi wakati wowote maji yaliporuhusu. Mwaka 1928 alimwoa Elma Leppänen, na nyumba ikaanza kujaa watoto. Wakati huohuo mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa njiani, na bei za mazao na mbao zikaanguka. Kibarua ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa kesho asije.

Hesabu ya mtumbwi

Lililobaki ni ziwa. Päijänne ni la pili kwa ukubwa nchini Ufini, lina urefu wa kilometa 120 hivi, na lina vina virefu kuliko ziwa lolote jingine nchini humo. Humo wanapatikana samaki weupe wa nyama laini, samaki wa jamii ya sangara walio wadogo kuliko wetu, na paiki. Huyu paiki ni samaki mrefu mwenye mdomo kama wa bata na meno makali, anayejificha kwenye majani ya ukingoni na kuchomoka ghafla kama mshale. Sokoni alikuwa na wanunuzi, na Lauri akawa anategemea yeye na jamaa zake kulisha familia.

Alitega kamba ndefu zenye mamia ya ndoana, sawa kabisa na migonzo ya kwetu. Kila siku alipiga makasia kwenda kuzitazama, kuopoa samaki, kuvika chambo upya na kurudi. Samaki wadogo wa chambo nao walitaka kuvuliwa na kutunzwa wasife.

Tufanye hesabu ya darasani. Mvuvi akiwa na saa 12 za kazi kwa siku, na nne kati ya hizo zikaishia kwenye kutafuta chambo na kuvika ndoana, theluthi ya nguvu kazi yake haimletei samaki wa kuuza. Akiamua kuongeza ndoana ili apate zaidi, anaongeza pia mahitaji ya chambo, na saa zile nne zinakuwa tano. Anakimbia akiwa amesimama palepale. Wakulima wanaolima kwa jembe la mkono wanaufahamu mtego huu: ekari ukiongeza, palizi inakumaliza. Anayenaswa humo hatoki kwa kuamka mapema zaidi. Hutoka kwa kubadilisha zana.

Alichokiona majini

Zana ya Lauri ilitokana na kukaa kimya na kutazama. Akiwa kwenye mtumbwi juu ya maji maangavu, alikuwa akiwaangalia samaki wakubwa wakivizia makundi ya wadogo. Kundi lina mamia ya samaki wanaofanana, wote wakienda upande mmoja. Paiki anapochomoka hachukui yeyote tu. Humchukua yule aliyejeruhiwa au mgonjwa, anayeyumba, anayeinamia ubavu kidogo na kushindwa kwenda sawa na wenzake.

Jambo hilo linaonekana dogo, ila ndilo lililobeba biashara nzima iliyofuata. Chambo bandia vilikuwepo tangu zamani, vya mbao, vya shaba na vya manyoya. Watengenezaji wengi walishindana kwenye sura: macho yaliyochorwa vizuri, magamba yenye kung'aa, rangi za kumvutia mnunuzi dukani. Lauri aliona kwamba mnunuzi wa kweli ni paiki, na kinachomvuta paiki ni mwendo wa mnyonge.

Watu wa masoko siku hizi hulipwa fedha nyingi kufanya utafiti wa mteja. Huyu aliufanya akiwa na kasia mkononi.

Kisu na karatasi ya chokoleti

Mwaka 1936 alifanikiwa. Alichukua gome jepesi la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, akalichonga kwa kisu cha fundi viatu na kulilainisha kwa msasa hadi likapata umbo la samaki mwembamba. Nje alilivika karatasi ya kung'aa iliyofungiwa chokoleti, ili limetemete kama magamba. Rangi ya kung'arisha na kuzuia maji hakuwa na uwezo wa kuinunua, kwa hiyo aliyeyusha filamu za picha zilizokwishatumika, akapaka utomvu wake juu. Vyote hivyo vilikuwa takataka za watu wengine.

Uhodari ulikuwa kwenye kidomo cha mbele, kipande chembamba kilichotokeza chini ya kichwa kama ulimi. Chambo kikivutwa, maji hukisukuma kidomo hicho na kukifanya chambo kizame kidogo, kisha kiyumbe kulia na kushoto. Uzito ukizidi upande mmoja, kinabingirika. Kidomo kikikaa vibaya, kinakwenda kombo. Kupata kinachoyumba kama samaki mgonjwa lakini kikaendelea kwenda mbele kulitaka majaribio mengi, na Lauri alikuwa akivijaribu kimoja kimoja ziwani kabla ya kukubali kuwa kimekamilika.

Kisha alikikokota nyuma ya mtumbwi huku akipiga makasia, na inasimuliwa kwamba kamba aliizungusha kidoleni ili kila mvuto wa kasia ukitikise chambo. Masimulizi ya kampuni yake hudai kwamba siku nyingine alirudi na samaki kilo 270. Binafsi huwa na mashaka na takwimu za namna hiyo, kwa sababu sijui nani alikuwa na mizani ufukweni. Lakini hata ukiigawa kwa tatu, bado ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja, na ulipatikana bila kuvua samaki hata mmoja wa chambo. Chambo kilekile kilifanya kazi leo, kesho na keshokutwa.

Jirani anapoona mtumbwi wako unarudi umejaa, haulizi falsafa, anauliza unatumia nini. Wavuvi wenzake walianza kumwomba awachongee. Ndivyo alivyojikuta na biashara ya pili, ambayo hakuipangia.

Biashara ya sebuleni

Kwa miaka mingi haikuwa zaidi ya kazi ya nyumbani. Vita na Urusi vilizuka Novemba 1939, vikatulia mwaka uliofuata, vikarudi 1941 na kuendelea hadi 1944. Malighafi ilikuwa shida. Mahali pa gome la vizibo alitumia pia gome la msonobari, ambalo msituni halikuwa na bei. Baadaye kabisa ndipo kampuni ilipohamia kwenye balsa, mti laini sana wa Amerika Kusini, ambao ni mwepesi kuliko mbao nyingi na unaelea vizuri.

Baada ya vita familia nzima iliingia kazini. Watoto wa kiume, akiwemo Reijo, Risto, Ensio na Esko, walijifunza kuchonga, kupaka na kufunga ndoana za meno matatu. Mwaka 1952 Helsinki iliandaa Michezo ya Olimpiki, na baadhi ya wageni waliondoka na chambo hicho mizigoni. Lilikuwa soko la nje la kwanza, ingawa hakuna aliyelipanga kama soko.

Hapa pana jambo ambalo wajasiriamali wengi wadogo hulipitia haraka. Tangu chambo cha kwanza mwaka 1936 hadi soko kubwa kufunguka ilipita zaidi ya miaka 20. Katika muda wote huo Lauri hakuwa na mkopo mkubwa, hakuwa na mfadhili, na hakuacha kuvua. Uvuvi ulilipa chakula, chambo kililipa ziada. Biashara ilipochelewa kukua, familia haikulala njaa kwa kuingojea.

Wakala kutoka Minnesota

Kaskazini mwa Marekani, hasa Minnesota na majimbo jirani, kuna maziwa maelfu na watu wengi wenye asili ya Ufini. Mwaka 1959 wakala mmoja wa mauzo wa vifaa vya uvuvi huko Minnesota, Ron Weber, alikiona chambo cha Rapala na jinsi kilivyowazidi wenzake kwa kuvua. Alimweleza Ray Ostrom, mwenye duka la vifaa vya uvuvi mjini Minneapolis, na wawili hao wakaandika barua Ufini kuomba wauziwe. Lauri hakujua Kiingereza, lakini mkono wake wa biashara ulielewa. Ndani ya muda mfupi Weber na Ostrom walikuwa wasambazaji wa chambo hicho Marekani, na kampuni waliyoianzisha ikaja kujulikana kwa jina la Normark.

Agosti 1962 jarida la Life, lililokuwa likisomwa na mamilioni ya Wamarekani, lilichapisha makala kuhusu chambo hicho. Kwa bahati, toleo hilohilo ndilo lililobeba habari za kifo cha mwigizaji Marilyn Monroe, aliyefariki dunia mapema mwezi huo. Watu waliligombea. Walipomaliza habari za Monroe wakakutana na mvuvi wa Ufini. Kampuni husimulia kuwa maombi yaliyomiminika yalifikia chambo milioni tatu, na kwamba maduka mengine yaliyokuwa na vichache yaliamua kuvikodisha kwa siku, mteja akiacha dhamana.

Wengi huishia hapo na kusema ni bahati. Ni kweli, hakuna anayeweza kupanga kifo cha nyota wa sinema kiendane na tangazo lake. Lakini makala ile ingetoka miaka mitano kabla, msomaji wa Chicago asingekuwa na pa kukinunulia. Mwaka 1962 wasambazaji walikuwepo tayari, bei ilikuwa inajulikana, na njia ya mzigo kutoka Ufini ilikuwa imekwishapitwa.

Mzigo uliotaka kumwangusha

Hatari ilikuja baada ya furaha. Karakana iliyozoea maelfu iliombwa mamilioni. Yeyote aliyewahi kuona kikundi cha wakulima kikipata oda kubwa ya ghafla kutoka hoteli au kiwanda anajua kinachofuata mara nyingi. Mzigo wa kwanza ni mzuri, wa pili umechanganywa, wa tatu unarudishwa.

Familia ya Rapala iliongeza majengo na mashine za kuchongea huko Vääksy, Asikkala, na kuajiri watu. Uchongaji wa kisu ukabaki kuwa historia. Kilichokataliwa kubadilishwa ni jaribio la maji. Badala ya ziwa, viliwekwa visima vidogo vya maji ndani ya kiwanda, na kila chambo kikavutwa humo kwa mkono kabla ya kuingia kwenye paketi. Kinachokwenda kombo kilirekebishwa kwa kukunja kidogo kijicho cha waya cha kufungia kamba. Kikivuta kushoto, kijicho kinapinda kulia, kikivuta kulia, kinapinda kushoto.

Kiuchumi hilo lilikuwa jambo la gharama. Ungeweza kupima kimoja kati ya mia na kuokoa mishahara mingi. Lakini Lauri alijua anachouza. Gome, rangi na ndoana kila mtu aliweza kununua, na waigaji walikwishaanza kujitokeza. Mwendo ndio uliokuwa bidhaa yenyewe, na mwendo hauonekani kwenye rafu ya duka. Mteja anauamini jina hadi siku ya kwanza chambo kitakapobingirika.

Maji mafupi na plastiki laini

Chambo cha kwanza cha Rapala kilikuwa cha kuelea, na hili lina maana kubwa kwa anayevua maji mafupi. Kikitulia kinapanda juu, kikivutwa polepole kinazama kidogo tu. Kwa hiyo kinapita juu ya majani ambamo paiki amejificha, bila kunasa. Kizito kingezama na kurudi na magugu badala ya samaki.

Kanuni hiyohiyo inatumika kwa binamu mkubwa wa paiki, anayeitwa maski, ambaye anaishi katika maziwa na mito ya Amerika ya Kaskazini tu. Wavuvi wake wa siku hizi hutumia sana chambo cha plastiki laini, aina iliyoanzia mwaka 1949 wakati Nick Creme na mkewe Cosma walipotengeneza mnyoo wa plastiki huko Akron, jimbo la Ohio. Ukiwatazama wanavyochagua kwa ajili ya maji ya kina cha mita moja au mbili, unamwona Lauri mgongoni mwao. Wanaacha chenye risasi nzito kichwani na kuchukua chepesi. Wanatafuta mkia mpana ulio laini kiasi cha kutikisika hata kikivutwa taratibu, kwa sababu mkia mgumu unataka kasi, na maji yakiwa baridi maski hapendi kukimbizana. Ndani hupitishwa waya wa kushikilia ndoana, maana meno ya maski yanakata plastiki kama siagi, na mbele ya chambo hufungwa kipande cha waya wa chuma badala ya kamba tupu. Rangi wanabishana hadi usiku, lakini mwendo hawabishani.

Plastiki laini ina kasoro yake. Ni rahisi kuitengeneza, lakini haidumu, na vipande vyake vikikatika hubaki ziwani. Chambo cha Lauri kilichongwa kiweze kutumika msimu baada ya msimu, kwa kuwa mchongaji mwenyewe hakuwa na cha kupoteza.

Miaka ya mwisho

Utajiri ulimkuta akiwa amepita miaka 55. Kampuni iliendelea kuongeza aina, zikiwemo zinazozama, lakini kile cha kuelea hakikuondolewa sokoni. Wanawe walishika usukani hatua kwa hatua, na yeye akaendelea kuishi karibu na ziwa lililomlea.

Lauri Rapala alifariki dunia Oktoba 20, 1974, akiwa na umri wa miaka 68. Mwaka 1998 hisa za kampuni hiyo ziliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Helsinki, na ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vifaa vya uvuvi duniani. Chambo chake cha kuelea bado kinauzwa, siku hizi kikiwa cha balsa, na kampuni bado inajivunia kwamba kila kimoja hupitishwa majini kabla ya kufungwa.